Salio la Uvunguni

Cha uvunguni nimekiinamia,
magoti yakalia kama kitasa cha zamani,
nikavuta sanduku na mfuko wa sandarusi
uliosagika, ukaniachia unga mweupe mikononi.
Miaka ishirini na sita nilihesabu mali ya reli
katika bohari, hapa hapa Tanga:
misumari, taa za mkono, mablanketi ya daraja la pili.
Kila Juni daftari na kalamu nyekundu:
kilichopo, kilichopungua, kilicholiwa na panya.
Leo nahesabu changu.

Umeme umekatika. Mkeka nimeutandika ukumbini.

Sweta moja, rangi ya maziwa yaliyochacha.
Mgongo kamili, kifua kamili, mkono mmoja.
La mjukuu, Shekue, azaliwe Lushoto mwezi wa saba,
baridi ile ya kutoa moshi mdomoni.
Akazaliwa wa sita, hakunisubiri.
Sasa ananyoa ndevu,
na mkono wa pili bado uko kwenye donge.
Andika: moja, pungufu.

Soksi. Moja tu.
Nani alinituma kufuma soksi
mji ambao shuka la usiku ni ugomvi?
Wanasema Tanga waja leo, waondoka leo.
Sufu ilikuja. Haikuondoka.

Kitambaa cha meza, kroshia, mananasi.
Saba yamekamilika, yalitakiwa kumi na mawili.
Tulifuma wawili, mimi na Mwanamkuu Kilua,
barazani kwake Makorora,
yeye akihesabu kwa sauti, mimi nikifuata:
tatu ndani, mbili hewani, ruka, rudi.
Hakuandika popote. Ufumo ulikuwa kichwani mwake,
na kichwa chake tumekilaza Pongwe,
uso kibla, mananasi matano ndani.
Nimejaribu kukisia. Linatoka kabichi.

Hapa nashusha sauti, mwenyewe yuko kibarazani:
fulana ya sufu ya Semboja, ya kijivu.
Nilifika kwapani siku niliyosikia habari za Korogwe,
za nyumba ya Korogwe, na mwenye nyumba.
Nikachomoa sindano, nikapiga fundo
ambalo hata mimi siliwezi.
Alirudi. Chai nilimpikia. Kwapa sikuliendeleza.
Miaka kumi na mmoja hajauliza,
nami sijasema, na fulana imekaa katikati yetu
bila mabega.
Hali: inatunzwa.

Chini kabisa, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
mnyororo.
Mnyororo mtupu wa kroshia, wa buluu,
umelegea hapa, umekazwa pale.
Wa Zawena, miaka minane, likizo ile ya mafua.
Nilimwonyesha kuanza, nikaenda sokoni.
Kugeuka sikuwa nimemwonyesha.
Niliporudi umetoka chumbani, umevuka ukumbi, unaingia jikoni,
naye nyuma yake, ulimi nje:
"Mama, mwisho wake uko wapi?"
Yuko Mtwara sasa, nesi wa zamu ya usiku,
hupiga simu alfajiri,
sauti imelegea hapa, imekazwa pale.
Nimeupima: pima tisa na shibiri.
"Pungufu" haiufai. Haukupunguka kitu.
Nimeacha nafasi wazi. Mkaguzi aje ashangae.

Adhuhuri nikalifumua sweta.
Ukipata ncha sahihi halipingi,
linakimbia safu kwa safu
kama mtu aliyengoja kuulizwa.
Lakini uzi hautoki mnyoofu,
kila tundu limeuachia kiwiko chake.
Utauloweka, utautundika na kufuli chini, siku mbili,
na bado utakumbuka kidogo.

"Semboja, lete mikono."
Akainua yote miwili, kama aliyekamatwa na mgambo,
nikamzungushia sufu, kiganja hadi kiganja.
"Unafuma nini?"
"Nafumua."
Akatikisa kichwa. Mikono hakuishusha.
Halafu, macho kwenye mkeka:
"Ile ya kijivu... ilikuwa yangu?"
Umeme ukarudi. Feni ikaanza kulalamika.
"Usitikisike," nikamwambia. "Utanivuruga hesabu."